Bomba Moja, Foleni Mbili

Benchi lenyewe ni mlango. Ulikuwa mlango wa choo cha shule. Shule ilipopata milango mipya huu ukaletwa hapa, ukalazwa juu ya matofali, na hadi leo komeo lake halijang'olewa. Anayechelewa kufika ndiye anayekalia komeo. Benchi liko chini kabisa ya ngazi za mtaa, ngazi themanini na mbili, pembeni ya jiko la Shangazi wa kahawa, kwa hiyo hakuna mtu anayepanda wala habari inayoshuka bila kukaguliwa hapo. Jumatatu ile asubuhi walikuwepo wale wale wa siku zote, wote, pamoja na Shangazi, wakazi wa kule juu ngazi zinapoishia. Kinyozi, ambaye wanamwita Mheshimiwa ingawa hajawahi kuchaguliwa hata kuwa kiranja wa darasa. Mzee Takwimu, karani mstaafu wa mizani, mtu wa tarakimu kuanzia kuamka mpaka kulala. Na fundi viatu, jina Gundi, ambaye siku hiyo alifika wa kwanza lakini akajikalisha mwenyewe kwenye komeo. Shangazi alipoona hivyo akajua kuna jambo.

Jambo lilikuwepo. Ofisi ya maji ilitoa bomba moja kwa mtaa mzima, ikasema wananchi waamue wenyewe likae wapi: juu, ngazi zinapoishia, au chini, mbele ya duka. Chini wana bomba la zamani pale kona. Juu hawana kitu. Maji yanapanda kwa miguu ya watu. Basi Jumamosi mkutano wa mtaa ukakaa kwenye uwanja wa shule, kura zikapigwa kwa foleni ili kila mtu aonekane amesimama wapi. Wanaotaka juu, mlingoti wa bendera. Wanaotaka chini, ukuta wa madarasa. Mwenyekiti akapita na rula akihesabu vichwa. Juu wakapata ishirini na tatu. Chini sabini na mmoja.

Sasa, Gundi anaishi chumba cha uani kwa dada yake, na dada yake ni dobi, yule wanayemwita Mama Povu. Mashuka ya nyumba ya wageni, makoti ya zahanati, sare za nusu ya shule, yote yanafuliwa kule juu kwa maji anayoyabeba mwenyewe, ndoo mbili mbili, mara tisa kwa siku, na goti lake la kushoto lilishaanza kugoma. Jumamosi alikuwa na mashuka arobaini ya kupeleka kabla ya saa tisa. Akamwambia mdogo wake, "Nenda kanisimamie." Gundi akaenda, tena kwa nia njema kabisa. Lakini ilikuwa saa nane mchana, jua la mlingotini linachoma kama pasi, na pale ukutani kivuli kimejilaza kama mkeka, kinakuita. Akasema moyoni, napoa kidogo kwanza, mtu mmoja kitu gani. Alikuwa bado anapoa rula ilipomgusa utosini.

Nyumbani alimwambia dada yake: tumeshindwa, watu wabaya. Dada alichukua ndoo akashuka.

Na huo ndio mzigo aliokuja nao benchini Gundi, akiamini ni wake peke yake.

— Mimi nasema waliletwa, alianza Mheshimiwa. Watu wa kukodi, kutoka mtaa wa pili.

— Wangapi? akauliza Mzee Takwimu.

— Nitajuaje wangapi, babu?

— Basi usiseme waliletwa. Sema unahisi.

— Nina ushahidi. Kulikuwa na jamaa kavaa kofia ya sufi mchana ule, na kichogo chake sijawahi kukinyoa. Mimi vichogo vya mtaa huu navijua vyote. Nifunge macho unipe kichogo, nakutajia jina na deni la ukoo.

— Alikuwa wapi huyo?

— Hapa mbele yangu, almanusura anikanyage.

Shangazi aliinua macho kutoka kwenye birika, akamtazama kinyozi, kisha akayashusha tena taratibu. Gundi alimwona. Shangazi si mtu wa kutumia neno siku aliyolipata, hulitunza likomae.

— Tuache vichogo, akasema Mzee Takwimu. Twende kwenye hesabu, maana hesabu haina kofia. Chini kuna nyumba kumi na tisa. Sabini na mmoja gawanya kwa kumi na tisa, unapata karibu watu wazima wanne kila nyumba. Haya. Nyumba ya mwenye duka ni yeye na mkewe. Ya fundi saa ni yeye na paka. Hao wengine wamezaliwa lini?

— Labda paka alihesabiwa, akasema Gundi, ili na yeye aonekane yumo.

— Usicheke. Ile rula ina macho? Mimi nimefikiri usiku kucha nikapata jibu. Walikuwa wanazunguka.

— Kuzunguka vipi?

— Akishahesabiwa wa mbele, anachomoka, anapita nyuma ya madarasa, anarudi kuunga mkiani. Foleni ya duara. Ukiihesabu haiishi, unaweza ukahesabu mpaka Jumanne.

— Mbona aliishia sabini na mmoja?

— Mkono ulichoka.

— Na wewe babu uliwaona wakizunguka?

— Ningewaonaje? Nilikuwa nimeegemea, na mgongo wangu huu ukishapata ukuta wa baridi hautaki tena kubanduka...

Akasita. Akanyanyua kikombe na kukigida chote kwa mkupuo mmoja, kahawa ya moto vile vile, machozi yakamlenga.

Gundi akamgeukia polepole. Ukuta? Mlingoti tangu lini una ukuta? Kitu kikamtekenya kifuani, kidogo tu, kama mtu aliyepotea njia akasikia mwenzake anakohoa huko gizani.

— Ukuta wenyewe ndio wenye matatizo, akadakia Mheshimiwa haraka, kama mtu anayefunika sufuria. Nani aliupaka chokaa mwaka jana?

— Mwenye duka.

— Kwa bei gani?

— Bure.

— Bure. Sasa jiulizeni, mwenye duka huyu huyu, anayekata kipande cha sabuni kwa uzi ili kisizidi, atoe chokaa bure? Ile chokaa ina kitu. Ile chokaa inavuta.

— Inavuta nini?

— Watu. Wewe uko zako unakwenda mlingotini, unastukia umeshafika ukutani. Si wewe, ni chokaa.

— Nimewahi kusikia, akasema Mzee Takwimu.

— Hata mimi nimewahi kusikia, akasema Gundi, na papo hapo akajionea haya, maana hakuwahi kusikia kitu kama hicho tangu azaliwe.

— Ina maana aliipanga mwaka mzima kabla, akaendelea Mheshimiwa, sasa amekolea haswa. Bomba halijazungumzwa, ofisi ya maji haijui, yeye anachanganya chokaa. Yule angekuwa rais tungekoma.

— Na kofia ya sufi?

— Huyo ndiye mtaalamu mwenyewe. Alikuja kukagua kazi yake.

Walikuwa wamefika hapo, mtaalamu ameshapewa hata nchi anakotoka, binti mmoja alipotokea upande wa duka amevaa buti za mpira, kamba ya kupimia begani, vigingi vitatu kwapani. Akasalimia vizuri, akasema ni wa ofisi ya maji, amekuja kupigilia vigingi mahali bomba litakapokaa, na kama kahawa ipo apewe moja kwanza. Shangazi akampa. Mheshimiwa akampa na maneno: watu wa kukodi, foleni ya duara, chokaa, mtaalamu, kila kitu kwa mpangilio. Binti alisikiliza mpaka mwisho, anapuliza kikombe chake.

— Mkutano ulikuwa saa ngapi? akauliza.

— Saa nane.

— Mchana?

— Mchana.

— Na pale mlingotini pana kivuli?

Mheshimiwa alianza kukagua kucha zake, kidole baada ya kidole. Mzee Takwimu akawa anahesabu matofali ya benchi, ambayo ni sita na anayajua tangu zamani. Gundi alitazama kiatu alichokuwa nacho mkononi kana kwamba kitamsaidia.

Ndipo Shangazi akaona sasa limekomaa.

— Mheshimiwa baba, yule wa kofia alikuwa mbele yako kwenye foleni ipi?

— Shangazi, mambo mengine...

— Na wewe mzee mwenzangu, huo mgongo uliuegemeza kwenye bendera?

— Nilisogea kidogo tu, akasema Mzee Takwimu. Kwa sababu za kiafya.

— Mimi nilikuwa napita, akasema Mheshimiwa. Nikasimama kumsalimia mtu. Halafu rula ikapita. Nilidhani niko peke yangu.

— Hata mimi nilidhani niko peke yangu, akasema Mzee Takwimu.

Wakamtazama Gundi. Gundi akapiga nyundo kwenye kiatu mara mbili, kiatu kisichohitaji msumari.

Binti akatoa karatasi na kalamu mfukoni. Akasema uamuzi wa wananchi unaweza kurudishwa kwa wananchi wenyewe, mradi bado hapajachimbwa. Watu ishirini waliohudhuria wasaini, waandike na sababu, karatasi impate kabla ya jua kuzama. Yeye vigingi atavishika mpaka jioni.

— Lete hapa, akasema Mheshimiwa. Sababu: watu wa kuletwa.

— Nitauliza majina yao.

— Sababu: chokaa.

— Kaka yangu, andikeni kilichotokea tu.

— Na hii karatasi inakaa wapi?

— Inabandikwa ubaoni, pale dukani. Siku tano, kila mtu aisome.

Kalamu ikarudi mezani kimya kimya. Yaani juu ya mlango, maana meza haipo.

— Wateja wangu wote wanapita pale, akasema Mheshimiwa. Wasome kwamba nimeuza bomba kwa kivuli?

— Miaka thelathini na moja nimesoma mizani, akasema Mzee Takwimu, sijakosea hata nusu kilo. Leo niandike nimekosea foleni?

Gundi alikuwa anatazama ngazi. Mama Povu alikuwa anashuka, ndoo tupu mbili, anashuka ubavu ubavu, mguu wa kulia unatangulia, wa kushoto unafuata na kuungana nao, kama mtoto anayejifunza. Hii ilikuwa safari yake ya tatu na asubuhi haijaisha. Alipofika akamwamkia Shangazi, akawasalimu wengine, akaona kamba na vigingi.

— Wewe ndiye wa bomba, mwanangu?

— Ndiyo mama.

— Basi pigilia, usione haya. Watu wameshaamua.

Alitaka kupita, lakini akasimama, akasema kwa sauti ya chini kama anayejisemea:

— Ila ningependa kujua nimewakosea nini. Nyumba arobaini na sita kule juu. Nafua nguo zao, watoto wao nawajua kwa madoa. Wakasimama ishirini na tatu. Siku ya pili leo sijalala vizuri, nawaza labda nani nilimchania shuka, nani nilimjibu vibaya.

Gundi akainuka kwa ghafla, komeo likamshika suruali mfukoni, likachana mpaka karibu na goti. Hakujali.

— Dada, mimi nilikuwa ukutani.

— Ukuta gani?

— Ule wa chini. Jumamosi. Palikuwa na kivuli.

Mama Povu aliweka ndoo moja chini. Akaweka na ya pili.

— Mimi nilikutuma ukanisimamie.

— Nilisimama, dada. Ila nilisimama penye ubaridi.

— Na mimi nilikuwepo, akasema Mheshimiwa, macho chini.

— Na mimi. Wa kumi na nne kutoka mbele, akasema Mzee Takwimu.

— Mwanangu nisikufiche, akasema Shangazi, na mimi jiko niliweka hapo hapo. Nani angekunywa kahawa yangu juani?

Wote wakamgeukia Shangazi midomo wazi. Yeye akaendelea kusuuza vikombe.

Mama Povu aliwatazama mmoja mmoja. Ilianza puani, sauti kama ya birika linalokaribia kuchemka. Ikashuka mabegani. Halafu akacheka, akacheka mpaka akashika benchi, akakaa, yeye ambaye kwa miaka yote hiyo hajawahi kukaa pale hata kufunga kiatu. Wakaanza kucheka na wao, kwa woga kwanza, kisha bila breki.

— Kwa hiyo hamnichukii?

— Akuchukie nani, dada?

— Ni jua tu?

— Ni jua tu.

— Nami nimeshinda najiuliza! akasema, anafuta machozi kwa kiganja. Tangu Jumamosi jioni naletewa nguo zina migongo myeupe. Koti la fundi cherehani, gauni la mwalimu, mashati, sijui blauzi. Nikasema leo mafundi rangi wametoka wapi mtaani kwetu. Kumbe ni chokaa ya ukuta.

Mzee Takwimu akasimama wima, mgongo na yote.

— Migongo mingapi?

— Kwenye kapu langu? Kumi na tisa. Na hao ni wale wanaofuliwa na mimi.

— Andika, Gundi, akasema Shangazi. Andika herufi kubwa.

Gundi akaandika, ulimi nje kidogo kama anavyofanya akishona soli: SISI WA JUU TULISIMAMA FOLENI YA CHINI KWA SABABU YA KIVULI. Akasaini wa kwanza. Kalamu ikazunguka. Sahihi nne. Zilikuwa zinatakiwa ishirini.

Hapo ndipo mtaa ulipoona jambo la ajabu: Shangazi alizima jiko saa tatu asubuhi, na benchi lote likapanda ngazi. Gundi mbele na ndoo mbili za maji za dada yake, suruali inapepea. Kufika ngazi ya arobaini alikuwa ameshatua mara tatu, na kila akitua alimtazama dada yake. Nyuma yake Mheshimiwa na karatasi, Mzee Takwimu na kalamu, na Mama Povu, mikono mitupu, ambaye walipofika juu alipita kwanza kwake kuchukua kapu la nguo chafu.

Fundi cherehani ndiye aliyekuwa wa kwanza kugongewa.

— Mkutano? Mimi hata sikuhudhuria.

— Geuza koti hili, akasema Mama Povu.

Fundi akaligeuza. Mgongo mweupe, na alama ya tofali imetokea vizuri kabisa.

— Leteni kalamu, akasema.

Mwalimu hakungoja kuonyeshwa gauni. Alisaini akiwa amefumba macho. Mwuza mkaa alisema yeye aliegemea lakini moyo wake ulikuwa mlingotini. Mzee Takwimu akamjibu kwamba rula haihesabu mioyo. Mume na mke wa nyumba ya kona walikuwa wamenuniana siku mbili, kila mmoja akimshuku mwenzake, kumbe walisimama foleni moja, mmoja mwanzoni mwingine mkiani, wanafichana. Walisaini kalamu moja wameshikana mikono, wanacheka. Kufika nyumba ya kumi watu walikuwa hawagongewi tena. Wanatoka wenyewe, wanauliza hii ndiyo karatasi ya kivuli? Watoto wakawa wanakimbia mbele kutangaza nani bado hajakiri. Mwenyekiti wa mtaa akakutwa kibarazani kwake, akasoma, akakuna kidevu. Akasema kwa kuwa ni siku ya kusema kweli, na yeye aandike pembeni kwamba upande wa mlingoti alihesabu mbio mbio, na upande wa ukuta alihesabu bila haraka.

Kabla ya adhuhuri sahihi zilikuwa hamsini na moja. Nyingine zimezunguka nyuma ya karatasi. Binti alizipokea, akasoma ile sababu, akageuka kutazama upande wa barabara mpaka mabega yalipotulia. Kisha akafunga vigingi vyake kwa kamba, akaondoka navyo.

Jumamosi iliyofuata walikutana tena uwanja ule ule, lakini saa moja asubuhi, jua likiwa bado halijapata meno. Safari hii Mama Povu hakumtuma mtu. Mashuka aliyafua usiku wa kuamkia Ijumaa, akaja mwenyewe, gauni safi, akasimama wa kwanza mlingotini na mkono mmoja ameushika mti wa bendera kwa ajili ya goti. Gundi akasimama nyuma yake. Upande wa ukuta alikuwepo mwenye duka na mkewe, fundi saa bila paka, na majirani zao wa chini, wanasogeleana ili waonekane wengi.

Mwenyekiti akatangaza kila mtu aende anakotaka. Zikasikika nyayo, nyingi, zinakokota changarawe. Zikasikika kwa muda mrefu. Mama Povu alibaki ameutazama mlingoti, shingo imekakamaa.

— Mdogo wangu, akasema. Nyuma yako wako wangapi?

— Geuka uone.

— Sigeuki. Niambie wewe.

Gundi akageuka. Akamwona Mheshimiwa, akamwona Shangazi na birika lake, na mwalimu, na fundi cherehani, na mume na mke wa kona, na nyuma yao wengine, na wengine, mpaka kwenye geti la shule.

— Haya, sema. Wangapi?

— Sijui, dada.

— Hujui kuhesabu?

— Foleni imetoka getini ikapinda kona. Mwisho wake siuoni.

Hapo ndipo Mama Povu alipouachia mlingoti, akageuka.